Pesa za Ndege Zina Majina Mengine

Kajiado Magharibi, kwenye vilima vya Kipeto, wapo vijana wanaolipwa kutazama juu. Mikononi wana darubini na redio za mawasiliano, na mbele yao imesimama mitambo 60 ya kuzalisha umeme kwa upepo. Tumbusi akionekana anaelekea kwenye mapanga ya mtambo, kijana huita kituo, na mtambo husimamishwa hadi ndege apite. Wengi wao ni wenyeji wa pale pale. Walifunzwa kumtambua tumbusi wa Rüppell na kumtenga na mwenzake wa mgongo mweupe akiwa bado mbali, pahali ambapo mtu asiyezoea haoni ila doa angani.

Wasikilizaji wa Kitengela wanaweza kuuliza swali la kawaida kabisa: nani anawalipa?

Jibu ni refu kidogo. Mradi wa Kipeto, wenye uwezo wa megawati 100, ulianza kazi mwaka 2021, na mkopo wake mkubwa, zaidi ya dola milioni 200, ulitoka kwenye shirika la serikali ya Marekani la kukopesha miradi ya nje, lililoitwa OPIC mkopo ulipokubaliwa. Mikopo ya aina hiyo huja na masharti. Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili, IUCN, lilikuwa limewaweka tumbusi wa Rüppell na tumbusi mgongo mweupe katika daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Na kwenye magenge ya Kwenia, ndani ya kaunti hii hii, tumbusi wa Rüppell wana makazi yao ya kutagia. Mwekezaji hakuweza kuchukua fedha za mkopeshaji kisha akawakatakata ndege hao. Kwa hiyo mshahara wa kijana mwenye darubini umo ndani ya gharama za kuendesha kiwanda cha umeme. Mtu akipekua makadirio ya wizara ya wanyamapori hatauona.

Hapo ndipo mhadhara huu unapoanzia. Kila serikali inapopunguza matumizi, watu husikia kwamba fedha za uhifadhi zimekatwa, na picha inayowajia ni ya mtafiti aliyenyimwa hela za safari. Kajiado mambo hayaendi hivyo. Fedha ambazo kwa hakika zinaweka ndege hai katika kaunti hii zimeandikwa kwa majina mengine: fidia ya mifugo, kodi ya ardhi, mafuta ya gari la doria, masharti ya mkopo wa umeme. Anayezikata hajui kwamba amemgusa ndege, na anayempenda ndege hajui pa kwenda kulalamika.

Kitengela yenyewe ni ushahidi. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ilipotangazwa mwaka 1946, ikiwa na kilomita za mraba 117, upande wa kusini, unaoelekea Kitengela, uliachwa wazi. Mvua zikinyesha, nyumbu na pundamilia huvuka mto na kutawanyika kwenye nyanda za Athi na Kapiti. Kiangazi kikiingia hurudi. Nyasi hizo za wanyama ndizo nyasi za ndege wa chini: mbuni, tandawala, na ndege karani, yule wa miguu mirefu na manyoya yaliyosimama kisogoni, anayeua nyoka kwa mateke. Ndege wa namna hii hahitaji msitu wala bwawa. Anahitaji uwanda mpana usio na seng'enge, na mtu atakayekubali kutougawa.

Kutougawa kuna gharama. Ranchi ya jamii ya Kitengela iligawanywa kwa hatimiliki za watu binafsi miaka ya 1980. Baadaye vikaja viwanda vya Athi River, mashamba ya maua, machimbo ya mawe, barabara ya Namanga iliyojaa malori, na mabango ya ploti za futi 50 kwa 100. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kukodi ardhi kwa ajili ya wanyama: familia iliyokubali kutojenga ua, kutochimba mawe na kutowaua wanyama ililipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka. Fedha hizo zilitolewa kwa awamu tatu, shule zinapofunguliwa. Mwaka 2008 ruzuku ya mfuko wa mazingira wa dunia, iliyopitia Benki ya Dunia, ikaongeza nguvu.

Mkataba ule ulihusu wanyama na nyasi, na mzazi aliyeutia sahihi alikuwa anafikiria karo. Hata hivyo, kwa maoni ya msemaji huyu, ndio mpango bora wa ndege ambao Kitengela imewahi kuwa nao, kwa sababu ulilipia kitu kile hasa ambacho karani na tandawala hawawezi kuishi bila ya hicho. Udhaifu wake ulijulikana tangu mwanzo. Dola 4 haziwezi kushindana na dalali wa ploti, na ruzuku ina tarehe ya mwisho ilhali nyasi hazina. Kila mfadhili alipofika mwisho wa muda wake, kazi ilikuwa kutafuta mwingine kabla muhula wa shule haujaanza. Mzazi aliyecheleweshewa malipo mara mbili ana sababu nzuri ya kumpigia dalali simu.

Matokeo kwa nyumbu yanajulikana kwa sababu walihesabiwa kutoka angani kwa miongo mingi: katika nyanda za Athi walikuwa zaidi ya 26,800 mwaka 1978 na chini ya 3,000 mwaka 2011. Eropleni ya sensa haimhesabu ndege karani. Habari zake zilipatikana kwa njia nyingine, nayo itatajwa mbele kidogo.

Sasa twende kwenye mzoga, kwa kuwa pale ndipo hadithi ya fedha na ndege inapokuwa chungu.

Simba anaingia bomani usiku na kuua. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inampa mwenye mifugo haki ya kudai fidia. Kwa kifo cha mtu imeweka shilingi milioni 5. Madai hupita kwenye kamati ya kaunti, yakaenda wizarani, yakasubiri Hazina. Na husubiri kweli. Malimbikizo ya madai ya fidia yamekuwa wimbo wa kila mwaka bungeni, na Kajiado ni miongoni mwa kaunti zenye migogoro mingi zaidi. Mfugaji ambaye ng'ombe wake wameliwa, na ambaye fomu yake ya mwaka juzi bado haijajibiwa, hana subira ya fomu nyingine.

Mwezi Juni 2012 simba sita waliuawa kwa siku moja hapa Kitengela. Mwezi Mei 2023 simba kumi waliuawa katika kaunti hii katika muda wa siku chache: sita kati yao kwa mkupuo huko Mbirikani baada ya kuua mbuzi, na kabla yao Loonkiito, dume wa miaka 19, mmoja wa simba wazee kuliko wote waliojulikana Afrika. Habari za matukio hayo zilienea duniani kote. Waliouawa walichomwa mikuki.

Mkuki una nafuu moja: unaishia kwa aliyechomwa. Sumu haina mpaka. Mtu akinyunyiza dawa ya wadudu kwenye mabaki ya ng'ombe akimlenga simba au fisi, wa kwanza kufika ni tumbusi, tena hawafiki mmoja mmoja. Wanatazamana angani, mmoja akishuka, wa mbali wanamfuata, na mzoga mmoja unaweza kuita makumi. Nchini Botswana, mwezi Juni 2019, tumbusi 537 walikutwa wamekufa kando ya mizoga ya ndovu watatu waliotiwa sumu na majangili. Majangili wana sababu yao ya ziada, kwani tumbusi wanaozunguka angani huwaonyesha askari pahali ndovu alipoangushwa.

Tumbusi huzaa kwa uvivu. Jozi hutaga yai moja, na kifaranga huchukua miaka kadhaa kabla hajaanza kutaga mwenyewe. Mchana mmoja wa sumu hufuta kazi ya miaka mingi ya magenge kama ya Kwenia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, ukiongozwa na Darcy Ogada wa shirika la The Peregrine Fund, uliangalia spishi nane za tumbusi wa Afrika na kukuta kwamba kwa wastani walikuwa wamepungua kwa asilimia 62 katika miaka 30. Sumu ilikuwa chanzo kikuu. Dawa iliyosifika vibaya zaidi, Furadan, iliondolewa na mtengenezaji wake kwenye soko la Kenya mwaka 2009 baada ya makelele ya kimataifa kuhusu simba. Dawa nyingine kali zingali zikipatikana.

Yapo mambo yanayosaidia, na hakuna hata moja lenye siri. Boma lililoimarishwa kwa waya na nguzo ili simba asiingie. Fidia inayolipwa wakati mwenye ng'ombe bado anakumbuka rangi ya ng'ombe wake. Skauti wa jamii anayepigiwa simu na mchungaji, anayefika na gari lenye mafuta, na anayejua kwamba mzoga wa sumu lazima uchomwe au ufukiwe siku ile ile kabla kundi la pili la tumbusi halijashuka. Katika orodha ya matumizi ya serikali, mambo hayo yanaitwa ujenzi, fidia, usafiri na posho. Waziri wa fedha anapoagiza kila idara ipunguze usafiri na posho, mkato unaonekana wa busara kabisa, na magazeti huusifu.

Kenya imeonja mikato hiyo mara kadhaa katika miaka michache tu. Mwaka 2020 korona ilifunga milango ya hifadhi. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, linalotegemea sana viingilio vya watalii, lilibaki na askari wa kulipa bila ya wageni wa kuwalipia. Serikali ilijitahidi mwaka huo: ilitenga shilingi bilioni moja kwa skauti wa jamii 5,500, na nyingine kwa hifadhi za jamii 160. Ilionekana wazi kwamba serikali inapotaka, inajua kuita vitu kwa majina yake. Kisha ukaja mwaka 2024. Maandamano ya vijana yalimlazimisha Rais kuondoa Mswada wa Fedha tarehe 26 Juni, na Hazina ikarudi kukata makadirio ambayo yalikuwa yamekwisha pangwa. Waliokuwa barabarani walikuwa na madai ya haki, na msemaji huyu hatawalaumu. Lakini serikali ikikata kwa haraka, huanza na vitu visivyo na mtetezi.

Tena kuna suala la Amboseli. Mwaka 2005 amri ya rais ilitaka hifadhi hiyo iondolewe mikononi mwa KWS na kupewa Baraza la Kaunti la Olkejuado, yaani la Kajiado, na mvutano kuhusu nani achukue viingilio vyake umeendelea kurudi tangu hapo. Kwa Mmaasai wa Loitokitok hoja ni nyepesi: ndovu hula malisho yetu, fedha ziende kwetu. Ni hoja nzuri. Ugumu wake uko katika hesabu ya nchi nzima, kwa kuwa KWS imekuwa ikitumia mapato ya hifadhi chache zinazopendwa na watalii, Amboseli ikiwemo, kuwalipa askari wa hifadhi ambazo hazina watalii. Kaunti ikichukua viingilio hivyo, kuna kinamasi au msitu mahali pengine Kenya utakaopoteza mlinzi bila ya kuulizwa. Na ndani ya Amboseli kwenyewe, vinamasi vya Enkongo Narok na Longinye, vinavyolishwa na maji ya Kilimanjaro na kuvuta ndege wa majini kwa wingi, vitategemea kama kaunti itarudisha sehemu ya fedha hizo bondeni au itazimalizia kwenye mishahara ya ofisini.

Mkato wa Washington ulikuwa wa aina nyingine. Tarehe 20 Januari 2025, siku ya kuapishwa kwake, Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Tarehe 10 Machi waziri wake wa mambo ya nje alitangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika la misaada la Marekani, imefutwa, na tarehe 1 Julai shirika lenyewe likakoma. Wakati huo huo Uingereza ilitangaza kwamba misaada yake itashuka kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo mwaka 2027. Mwaka 2021 ilikuwa imekwisha kushusha kutoka 0.7.

Haitakuwa haki kusema kwamba tumbusi wa Kajiado walikuwa wakilishwa na USAID. Sehemu kubwa ya kazi ya ndege Kenya imebebwa na mashirika ya hiari: Nature Kenya, ambayo asili yake ni chama cha historia ya viumbe kilichoanzishwa mwaka 1909, pamoja na Kenya Bird of Prey Trust, The Peregrine Fund na wengineo. Mkato huwafikia kwa mlango wa nyuma. Shirika lililopoteza fedha za serikali za afya, maji au ardhi linakwenda kubisha kwenye milango ile ile ya wafadhili binafsi waliyokuwa wakibisha watu wa ndege. Foleni inakuwa ndefu. Mwombaji mwenye picha ya ndovu anatangulia, mwenye picha ya tumbusi akinyofoa mzoga anasubiri.

Mfano mmoja ulionekana mara moja. Mwisho wa Januari 2025 mtandao wa kutahadharisha njaa, FEWS NET, ulioanzishwa mwaka 1985 kufuatia njaa ya Ethiopia na kugharimiwa na Marekani, ulizimika. Ulikuwa haumhusu ndege kwa lolote. Lakini ramani zake za mvua na malisho ndizo aina ya habari inayomwezesha mtu kukisia ni wapi kiangazi kitawabana mifugo na simba kwenye kisima kimoja, na kwa hiyo ni wapi sumu itatokea.

Basi imefika zamu ya kuhesabu, ambako ndiko mikato hufanya madhara yasiyosikika. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti mwingine wa Ogada na wenzake kuhusu ndege wawindaji wa Kenya. Walilinganisha ndege walioonekana kando ya barabara kati ya mwaka 1970 na 1977 na wale walioonekana kati ya 2003 na 2020. Spishi 19 kati ya 22 zilikuwa zimepungua. Ndege karani, yule wa nyanda zetu, alionekana kwa asilimia 94 pungufu. Utafiti huo uliwezekana kwa sababu moja tu: miaka ya 1970 kuna watu walioendesha gari polepole kwenye barabara za vumbi wakiandika kila mwewe na kila tai, bila ya kujua nani angeyahitaji maandishi yao. Kama bajeti yao ya petroli ingekatwa, leo tungekuwa na manung'uniko ya wazee kwamba zamani ndege walikuwa wengi, na wakubwa wangejibu kwamba wazee husema hivyo daima.

Wamarekani wamejifunza somo hilo kwa kiwango kikubwa zaidi. Tangu mwaka 1966 wamekuwa na zoezi la kila mwaka la kuhesabu ndege wanaotaga, kwenye njia zilizopangwa, kwa kutumia maelfu ya watu wa kujitolea na ofisi ndogo ya serikali inayotunza takwimu. Mwaka 2019 hesabu hizo ziliwawezesha wanasayansi kutangaza kwamba Amerika ya Kaskazini imepoteza karibu ndege bilioni 3 tangu 1970. Ofisi yao ya pete za ndege ina umri wa zaidi ya karne, tangu 1920. Mwaka 2025 serikali ilipendekeza kufuta katika bajeti iliyofuata kitengo kizima cha utafiti wa mifumo ya ikolojia ambamo kazi hizo zimo. Pendekezo la bajeti si sheria, na bunge lao lina sauti yake. Hata hivyo linaonyesha kwamba hata nchi tajiri kuliko zote huiona ofisi ya kuhesabu ndege kama mahali rahisi pa kupata akiba.

Kenya nayo ina hesabu zake, nyingine za kujivunia. Tangu mwaka 1969, kila mwisho wa mwaka, kwenye usiku wa ukungu huko Ngulia, Tsavo Magharibi, ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia huvutwa na taa za hoteli, hunaswa kwa nyavu, huvishwa pete na kuachiwa waendelee kusini. Kazi hiyo imeishi kwa nguvu za watu wa kujitolea. Mwaka 1989 ilichapishwa atlasi ya ndege wa Kenya ya Adrian Lewis na Derek Pomeroy, na tangu 2013 mradi wa Kenya Bird Map unairudia kazi hiyo kwa simu za mkononi: nchi imekatwa vipande vya mraba vya takriban kilomita tisa kwa tisa, na yeyote anayejua ndege anaweza kutuma orodha. Kwa upande wa serikali, sensa ya kwanza ya kitaifa ya wanyamapori ilifanyika mwaka 2021 kwa shilingi milioni 250.

Kujitolea kuna mipaka yake. Mtu wa kujitolea huenda pale anapofikika na gari lake Jumamosi akarudi nyumbani jioni. Vipande vya Nairobi na Naivasha hujaa orodha. Vya Kajiado ya ndani, kuelekea Mosiro au Shompole, hungoja. Ili kipande cha mbali kipate orodha kila mwaka, iwe mvua iwe jua, lazima awepo anayelipwa kwenda. Na huyo ndiye wa kwanza kukatwa.

Hapa Kitengela swali lenye haki huulizwa, na halifai kukwepwa. Dispensari haina dawa, basari hazitoshi, mabomba yamekauka. Kwa nini shilingi moja iende kwa ndege anayekula mizoga?

Jibu refu zaidi limetoka India. Miaka ya 1990 tumbusi wa huko walianza kufa, na kwa baadhi ya spishi zaidi ya tisa kati ya kumi walitoweka. Jambo hilo liligunduliwa mapema kwa sababu Vibhu Prakash, mtafiti wa jumuiya ya viumbe ya Bombay, alikuwa na hesabu za miaka ya 1980 kutoka hifadhi ya Keoladeo, akaona viota vimekuwa vitupu. Mwaka 2004 chanzo kikajulikana: diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe, iliyoua figo za tumbusi waliokula mizoga yao. Serikali ya India iliipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Wakati huo mizoga ilikuwa inaozea mashambani na mbwa koko wakiongezeka. Wanauchumi wawili, Eyal Frank na Anant Sudarshan, walikadiria katika utafiti wa mwaka 2024 kwamba kutoweka kwa tumbusi kulichangia vifo vya watu wapatao nusu milioni kati ya mwaka 2000 na 2005. Makadirio ni makadirio. Lakini Kajiado ni kaunti ya ng'ombe. Ukame wa 2021 na 2022 uliacha mizoga kando ya barabara ya Namanga kila msafiri akiiona. Wasafishaji waliokuja bure kuila hawamo katika kitabu chochote cha afya ya kaunti.

Limebaki Ziwa Magadi, upande wa pili wa kaunti, ambako joto, magadi na harufu humfanya mgeni aulize kama kuna kiumbe anayeishi pale. Wapo. Katika Afrika Mashariki ndege mdogo wa ufukoni mwenye utepe wa rangi ya hudhurungi kifuani hutegemea Magadi na Natron kuliko mahali pengine popote. Mwaka 1962, Natron ilipofurika, heroe walihamia Magadi kutaga kwa wingi usio wa kawaida; magadi yakaganda kwenye miguu ya vifaranga kama pingu, na watu wakaingia kwenye matope ya chumvi kuyavunja kwa mikono, wakawaokoa maelfu.

Natron yenyewe, ng'ambo ya mpaka, ndipo karibu heroe wadogo wote wa Afrika Mashariki wanapozaliwa. Miaka ya 2006 hadi 2008 kulikuwa na mpango wa kujenga kiwanda cha magadi ufukoni mwake, ukihusisha Tata Chemicals, kampuni ile ile inayochimba Magadi. Uliopingwa ulikuwa mpango wa fedha nyingi, na wapinzani waliweza kusimama kwa sababu walikuwa na tarakimu: heroe wangapi, wanataga wapi, wanakimbia nini. Kampuni ilijiondoa mwaka 2008.

Tarakimu kama hizo kwa upande wa Kenya hutokana na hesabu ya ndege wa majini ya kila Januari, iliyoanza miaka ya mwanzo ya 1990 na inayofanywa na Makumbusho ya Kitaifa, KWS, Nature Kenya na watu wa kujitolea. Magadi ni moja ya vituo vyake, na ni kituo kigumu: ni mbali, hakuna kivuli, na gari moja halitoshi kulizunguka ziwa. Mkataba wa Ramsar unaolinda ardhioevu za dunia una kipimo kinachoeleweka kwa yeyote. Ziwa linastahili kuorodheshwa likibeba mara kwa mara ndege 20,000 wa majini, au asilimia moja ya jamii nzima ya spishi fulani, na neno hilo “mara kwa mara” linapimwa kwa mfululizo wa hesabu za misimu isiyopungua mitatu, au kwa wastani wa angalau miaka mitano. Januari iliyorukwa kwa kukosa mafuta huacha shimo katika mfululizo huo. Natron iliorodheshwa mwaka 2001. Kwa Kenya orodha ina maeneo sita: Nakuru, Naivasha, Bogoria, Baringo, Elementaita na Delta ya Tana. Magadi halimo.